Nejib Ghorbel Hajagusa Kitu

Mume wangu, Nejib Ghorbel, ni mtu mwema. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya msomaji alitilie shaka, na mimi mwenyewe, wiki ile ya harusi ya Rim, nililitilia shaka zaidi ya mara moja.

Ana duka la kutarizi hapa mjini Sfax, Barabara ya Gremda, kilomita nne, mlango wa buluu ukishampita muuza vigae. Baba yake alitarizi hapo kwa mkono mpaka macho yakamchoka. Nejib akaleta mashine inayoongozwa na kompyuta: unachora ua kwenye kioo, unabonyeza, sindano zinaanza kukimbia, na ua linatokea kwenye kitambaa huku wewe unakunywa kahawa. Ni mashine nzuri, imetusomeshea watoto. Shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa kompyuta, au tuseme ukweli, shida ilikuwa yule anayekaa mbele ya kompyuta.

Mfumo wa kwanza wa kompyuta ile ulikuwa wa kulipia. Leseni ikaisha, na mume wangu ni Msfax wa kuzaliwa, mtu anayezima taa ya sebule hata kama mgeni bado hajasimama. Rafiki yake Monsef, karani wa benki anayechezea kompyuta kama wenzake wanavyocheza karata, akamwambia kuna mfumo unaitwa Linux, ni wa bure na hauna leseni. Baada ya neno "bure" Nejib hakusikia tena lolote. Monsef akaja nyumbani na kufanya kazi nzima.

"Nejib, nisikilize vizuri," alimwambia alipomaliza, nami nilikuwepo na sinia la chai. "Programu inayoendesha mashine yako ni ya zamani, na aliyeitengeneza alishafunga kazi. Haisimami peke yake. Inategemea kifurushi kimoja, maktaba wanaiita, nacho ni cha zamani vilevile. Nimekifunga kisipandishwe toleo. Vingine vyote sasisha utakavyo. Hiki usikiguse."

"Nimekuelewa."

"Rudia nilichosema."

"Monsef, mimi si mtoto."

Hakurudia. Akapokea chai yake, akawa anafungua na kufunga madirisha ya kompyuta kwa furaha, na Monsef akaniangalia mimi kana kwamba ananikabidhi mgonjwa.

Muda si mrefu akajiunga na Jumuiya. Jumuiya ni wanaume kadhaa na msichana mmoja mwenye subira, wanaokutana Jumamosi kwenye mkahawa nyuma ya lango la mji wa kale, Bab Diwan, kila mmoja na kapusini yake na kompyuta yake iliyojaa vibandiko. Wote ni watu wa Linux, kwa hiyo ungedhani wanapatana. Kumbe Linux ziko za namna nyingi, na kila namna ina waumini wake, na kila muumini anawahurumia wengine. Mwalimu wa hesabu na daktari wa meno hawajasalimiana tangu wagombane kuhusu programu ya kuandikia. Hawakugombania kitu kilichoandikwa. Waligombania ile programu yenyewe.

Humo Nejib akapata cheo. Akawa mpokeaji wa wageni. Mtu akija na kompyuta iliyokufa, anapelekwa kwa Nejib, na Nejib anauliza swali ambalo Jumuiya huuliza kila mtu kabla ya msaada wowote: mara ya mwisho ulifanya nini? Na kila mgeni, bila kukosa, hujibu kwamba hajagusa kitu.

Jibu hilo lilikuwa kichekesho chake cha mezani. Tunakula supu ya samaki, yeye anaweka kijiko chini, anakunja shingo, anatoa kasauti ka kitoto: "Sijagusa kitu, wallahi, imejizima yenyewe!" Halafu anarudi kwenye sauti yake. "Hakuna kompyuta inayojiharibu, Raudha. Kuna mtu alibonyeza. Mtu huyo ana jina na ana kitambulisho. Kwenye mifumo ya kulipia unatawaliwa, unabembelezwa, unafichwa mambo. Kwetu sisi mtumiaji ni mtu huru. Mashine inatii!"

"Na akikosea?"

"Anabeba mzigo wake kiume. Huo ndio uhuru."

Nilimwamini. Alikuwa anasema vizuri sana.

Sasa niwaambie kuhusu Rim. Rim ni mtoto wa dada yake Nejib, Fawzia. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anabeba mkoba wa shule, na Nejib ndiye aliyempeleka shule kwa pikipiki asubuhi, ndiye aliyetia saini karatasi zake zote, ndiye aliyelia kuliko Fawzia mtoto alipofaulu. Rim alipochumbiwa na Anis, mhandisi wa maji, kijana mpole kupita kiasi, Nejib alisimama mbele ya familia zote mbili akasema joho la usiku wa hina litatoka mkononi mwake. Mahameli nyekundu, zari ya dhahabu, ua lile lililokuwa kwenye joho la mama yao, yeye na Fawzia, ambalo nguo yake ilishaliwa na nondo lakini mchoro wake Nejib ameuchukua wote, jani kwa jani. Rim akamkumbatia. "Mjomba, sitavaa la mwingine."

Basi joho ndilo lilikuwa roho ya harusi. Wiki ya hina ilipoanza, kifua kilikuwa kimekamilika, mgongo umekamilika, mkono wa kulia umekamilika. Ulibaki mkono wa kushoto, kazi ya siku moja ya mashine. Nejib alikuwa na nafasi ya kupumua. Mtu mwingine angepumua.

Yeye aliona mapambo. Huko kwenye intaneti watu walikuwa wanaonyesha kompyuta zao: ukivuta dirisha linayumba kama maziwa ya mgando, na pembeni kuna kipande kinachokuonyesha hali ya hewa ya mji wako. Hali ya hewa ya Sfax. Mtu yuko Sfax, mlango uko wazi, jua linampiga mguuni, na anataka kompyuta imwambie kuna jua.

Jumatatu mchana nilikuwa kwa Fawzia tunasaga lozi. Nikarudi kupitia dukani, nikakuta kimya. Kioo kilikuwa cheusi, kina herufi nyeupe chache juu na mstari mdogo unaopepesa. Nejib ameketi, mikono juu ya magoti. Anis alikuwa amesimama nyuma yake, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa ameleta nyuzi za zari za ziada, na flashi yenye nyimbo za sherehe ambazo Nejib aliahidi kuzipanga.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Imejizima," akasema Nejib.

"Imejizima vipi?"

"Sijagusa kitu."

Nilitaka kucheka, nikidhani anawaigiza wageni wake. Nikamtazama usoni nikaona haigizi.

Fawzia alikuwa amenifuata nyuma, anataka kuliona joho. Aliposikia mashine haifanyi kazi na mkono wa kushoto bado, akashika ukingo wa meza. "Nejib, hina ni Alhamisi. Nani amefanya hivi?"

Hapo ndipo mume wangu, mtu mwema, alipotupa macho huku na huku akitafuta pa kuyaweka, yakaangukia ile flashi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta.

"Sijui," akasema. "Labda ile flashi ya kijana."

Anis alifungua mdomo. Akamtazama Nejib. Akaufunga.

Fawzia akasikia neno moja tu, na kufika jioni neno hilo lilikuwa limeshapanda pikipiki na kuzunguka barabara zote za Sfax. Kwa wakwe zetu liliingia likiwa limenenepa: kwamba Anis ameleta flashi yenye virusi kwa makusudi, kwa kuwa mama yake hakuwa ametaka joho la mahameli nyekundu tangu mwanzo. Mama yake Anis akampigia Fawzia simu.

"Mwanangu amesomea uhandisi wa maji. Hana virusi!"

"Sijasema ana virusi, dada. Nimesema flashi yake."

"Flashi yake ni safi kuliko jiko lako!"

Simu ikakatwa. Sinia la hina na manukato lililokuwa lije kutoka kwao Jumanne halikuja. Katika mji wetu sinia lisipokuja, majirani wanaanza kuuliza afya yako kwa sauti ya upole sana.

Lakini hayo ni ya wazazi, wazazi hupozwa. Kilichonitisha ni Rim. Alimwita Anis, akamuuliza ana kwa ana, "Ni wewe?" Na Anis akamjibu, "Muulize mjomba wako." Basi. Si ndiyo, si hapana. Rim akaja kwangu, macho yamevimba, pete ameivua ameiweka kwenye mkoba mdogo wa senti.

"Shangazi, joho si kitu. Nitavaa la kukodi. Ila mwanamume anayeharibu halafu akiulizwa anamsukumia mzee mwenye huzuni yake, nitaishi naye vipi? Leo ni joho. Kesho?"

Nejib alikuwa chumba cha pili. Najua alisikia kwa sababu kiti chake kililia.

Jumatano asubuhi nilikuwa jikoni nakunja brik, sambusa zetu za yai, na Nejib yuko barazani na kompyuta yake ndogo, simu ameiweka spika mezani ili mikono iwe huru. Alikuwa amempigia Monsef. Alikuwa amechelewa kumpigia, kwani kumpigia Monsef ni kupeleka habari Jumuiya nzima, na siku mbili alijaribu mwenyewe kila kitu, pamoja na kuifuta kompyuta vumbi.

"Nisomee tena kilichobaki," ilisema sauti ya Monsef.

Nejib akamsomea.

"Sasa nisikie. Mazingira yote ya madirisha hayapo. Programu ya kutarizi haipo. Na ile maktaba niliyoifunga ipo, lakini toleo jipya. Flashi imefungua kufuli langu?"

"Huenda ilikuwa na kirusi."

"Kirusi kinachosasisha vizuri hivyo ningekiajiri. Nejib, uliongeza chanzo cha nje cha kupakulia programu?"

"Kimoja tu."

"Cha nini?"

Hapo Nejib alisema kitu kwa sauti ndogo mno.

"Sijasikia."

"Hali ya hewa."

Nikasikia huko benki mtu anaitwa dirisha la pili. "Sawa," akasema. "Hilo pambo lilitaka maktaba mpya, na programu yako inataka ya zamani. Haziwezi kukaa nyumba moja. Mfumo lazima ulikukatalia."

"Ulinikatalia. Nikatafuta intaneti, nikapata jamaa mmoja ameandika amri ya kulazimisha."

"Jamaa gani?"

"Simjui. Ana picha ya paka."

"Umemwamini paka ukaniacha mimi."

"Monsef..."

"Subiri. Bado mfumo haukubali hivihivi. Ukitaka kuondoa vitu vya msingi, ndiyo ya mkato haitoshi. Unakuorodheshea vyote vitakavyoondoka, unakuonya, halafu unakutaka uandike sentensi nzima kwa mkono wako, herufi kwa herufi: 'Ndiyo, fanya ninavyosema!' Iliwekwa makusudi, ili hata mtu mwenye haraka asimame kidogo afikiri. Uliandika?"

Nejib akaifuta vumbi kompyuta ndogo kwa ncha ya mkono wa shati.

"Upo?"

"Nipo."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Na alama ya mshangao?"

"Niliweka."

Nilikuwa nimesimama na kipande cha unga mkononi. Nikawaza kwamba katika nyumba ile, tangu tuoane, hakuna kiumbe kingine kilichowahi kumwomba aseme maneno hayo, na ndiyo maana yalimlewesha.

"Na ile orodha ya vitakavyoondoka? Uliisoma?"

"Ilikuwa ndefu."

"Nejib."

"Anis aliisoma," akasema mume wangu. "Alikuwa nyuma yangu. Akaniambia, Ami Nejib, samahani, hapa wameandika programu ya kutarizi itaondolewa. Nikamwambia..."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia haya mambo si ya mabomba, mwanangu, tuachie wenyewe."

Sikungoja Monsef aage. Nilitoka jikoni na mikono imejaa unga, nikaibonyeza simu ikazimika, na mpaka leo simu ile ina alama ya kidole changu.

"Nejib! Kijana wa watu amebeba mzigo wako siku tatu!"

"Sikumtaja. Nilisema labda."

"Labda! Rim amevua pete kwa ajili ya labda yako!"

"Nitamweleza. Harusi ikipita nitamweleza vizuri, kwa utulivu."

"Harusi gani? Unaiona wapi harusi wewe? Sinia limekuja?"

"Raudha, nielewe. Mimi ndiye ninayewapokea watu pale. Mimi ndiye ninayewauliza. Nikisema niliandika ile sentensi, Jumamosi nitakaa wapi?"

Hapo hasira ilinipanda kwelikweli, na sioni haya kuisema. "Utakaa kwenye kiti, kama wote. Rim atakaa wapi? Ulimbeba kwenye pikipiki miaka yote ile ili uje umwachishe mume kwa sababu ya madirisha yanayoyumba?"

Alishika tama. Nilimwonea huruma, lakini sikumwambia. Nikanawa mikono, nikampigia Fawzia, nikamwambia awaite Anis na mama yake waje kwake mara moja, Nejib ana neno. Nejib akabaki ananitazama kama mtu aliyesikia treni yake inatangazwa.

Kwa Fawzia tuliwakuta wameketi pande mbili za sebule, viti vya katikati vitupu. Mama yake Anis hakuwa amevua koti. Rim alisimama karibu na dirisha. Anis alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Nejib alisimama, akakohoa. "Kama mnavyojua," alianza, "programu huria si jambo la jana. Hapo mwanzo kabisa, watu walikuwa wanapeana programu kama majirani wanavyopeana chumvi..."

"Nejib," akasema Fawzia, "fika."

"Nafika. Programu moja hutegemea nyingine, na hiyo nyingine hutegemea..."

"Ami," akasema Anis taratibu, "si lazima."

Nadhani huruma ile ndiyo iliyommaliza. Angetukanwa angejitetea mpaka Magharibi. Alimgeukia kijana, mdomo ukampwaya, na maneno yakatoka bila mapambo yoyote.

"Ni mimi. Flashi haina kosa, Anis hana kosa. Mashine iliniuliza mara mbili, nikaiambia ndiyo. Anis akanionya, nikamdharau. Halafu mlipouliza nikaona flashi yake pale, nikamsukumia."

Mama yake Anis akafungua kifungo cha kwanza cha koti.

"Mashine ilikuuliza?" akauliza.

"Iliniuliza."

"Kwa lugha unayoijua?"

"Naijua."

"Ikakwambia joho halitashonwa?"

"Ilisema programu ya kutarizi inaondoka."

"Na wewe ukajibu ndiyo." Akamgeukia Fawzia. "Dada, mimi nilidhani kompyuta ni jambo gumu."

Rim hakuwa anamtazama mjomba wake. Alikuwa anamtazama Anis. "Kwa nini hukusema?"

"Ni mjomba wako. Ndiye anayesimama mahali pa baba yako," akasema Anis. "Siku ile nilidhani akitulia ataeleza mwenyewe. Kesho yake, nikisema, nimemwita mwongo mbele ya dada yake."

"Na mimi? Uliniacha niamini ni wewe."

"Hapo nimekosa. Nisamehe."

Kukiri kulimchukua Anis muda wa kuvuta pumzi. Niliutupia jicho upande wa mume wangu, bingwa wa uhuru, aliyehitaji siku tatu, simu ya spika na mke mwenye unga mikononi kufika mahali hapohapo. Nejib aliliona jicho langu, akayashusha yake kwenye zulia. Rim akafungua mkoba wa senti, akaitoa pete, akaivaa mwenyewe. Mama yake Anis akavua koti.

"Joho, mjomba?" akauliza Rim.

"Nitaifufua mashine. Monsef anakuja. Ila sijui kama..."

"Joho linakwenda kwa mshonaji leo kuunganishwa. Likichelewa halishoneki." Alikuwa amepauka lakini sauti yake haikutikisika. "Nitalivaa lilivyo. Mkono mmoja una zari, mmoja hauna. Na atakayeniuliza kwa nini, nitamwelekeza kwako. Umjibu mwenyewe."

Fawzia akapinga, akasema watu watacheka, akasema achukue la kukodi. Mimi nikasema naweza kujaribu kwa mkono, ingawa ua lile kwa mkono ni kazi ya wiki mbili na kila mwanamke pale alijua. Rim akatikisa kichwa. "Nilisema sitavaa la mwingine."

Monsef alikuja dukani usiku ule, na usingizi machoni. Maktaba ile ya zamani ilishaondolewa kwenye hazina za kawaida, ikabidi waitafute kwenye maghala ya matoleo yaliyostaafu. Anis alisimama nyuma ya Nejib kama siku ile. Tofauti ni kwamba sasa kila mashine ilipouliza, Anis alisoma swali lote kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, na Nejib aliweka mikono mgongoni mpaka amalize. Mara moja Nejib alisema, "Hili nalijua," na Monsef akamwangalia, naye akanyamaza akasikiliza. Mapambo waliyaondoa. Alhamisi asubuhi sindano zilikimbia tena, zikatarizi ua zuri sana kwenye kipande cha kitambaa cha majaribio, wakati joho lilikuwa limeshafungwa nyuzi za mwisho kwa mshonaji na mkono wake wa kushoto ni mahameli tupu.

Usiku wa hina nyumba ya Fawzia ilijaa mpaka ngazini. Rim alitoka, na niseme wazi, nilitokwa na machozi: upande mmoja zari inawaka, upande mwingine mwekundu mtupu, na shingo yake imenyooka. Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakasogeleana masikioni.

"Ni mtindo mpya?" aliuliza binamu mmoja kutoka Tunis.

"Mjomba yupo uani," akajibu Rim. "Muulize."

Wakaenda. Mmoja mmoja, wawili wawili, na sahani zao za lozi. Nejib alikuwa kwenye kiti karibu na mlango wa uani, suti yake nzuri, jasho linamtoka. Wa kwanza aliwaeleza utegemezi wa vifurushi, vyanzo vya nje na hatari zake, na yule mwanamke wa kwanza aliondoka akidhani mtu amefilisika. Wa pili aliwaeleza nusu. Nilipita na sinia la vinywaji baadaye kidogo nikasikia imeshakuwa fupi.

"Ni mimi. Niliulizwa, nikajibu bila kusoma."

"Aa," akasema mwanamke yule, akaenda zake.

Hata watu wa Jumuiya walikuja, maana Monsef aliwaalika, na mwalimu wa hesabu akasimama mbele yake na kucheka chinichini. "Nejib, ulifanya nini mara ya mwisho?" Nilidhani atakasirika. Akamwambia, vilevile, maneno yaleyale, bila kupunguza. Mwalimu akaacha kucheka, akavuta kiti akaketi kando yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye aliwahi kuiandika sentensi ile mara mbili.

Kisha wakaitwa wote wa familia kupiga picha. Mpiga picha alikuwa kijana anayejua kazi yake. Akampanga Rim kiubavu, akamwambia ageuke kidogo ili mkono usio na zari usionekane, na mjomba asimame upande huo amzibe vizuri.

"Mwache alivyo," akasema Nejib.

Akasimama upande uleule, hatua moja nyuma, asije akauziba.